Boga Mahali pa Paja

Habari za boga zilimkuta kazini, buchani, mbele ya wateja saba, mikono yake yote miwili imejaa mafuta ya ng'ombe hadi viwikoni. Simu ilikuwa imelala kando ya mzani. Ilipolia aliinama akaibonyeza kwa ncha ya pua, kama afanyavyo kila siku, akidhani ni mtu wa hotelini anaagiza maini. Kumbe ni ujumbe wa sauti kwenye kundi la familia. Na kwa kuwa msumeno wa umeme umeshamharibia masikio, simu yake huwa imefunguliwa sauti hadi mwisho, hivyo duka zima likasikia.

"Hamjambo wote," ilisema sauti ya mdogo wake wa mwisho. "Mimi na mume wangu tumekaa tukafikiria chakula cha sikukuu. Mwaka huu tubadilishe kidogo. Badala ya paja la mbuzi la kaka, tutaoka boga. Boga kubwa la kujaza, ndani wali, uyoga na karanga. Kila mtu anajipakulia mwenyewe. Kaka, usikasirike. Tena wewe ndiye utakayetuchagulia boga, si uko hapo hapo sokoni."

Mwenye kilo mbili za mbavu aliangalia mbavu zake. Mwalimu mmoja mstaafu, mteja wa miaka mingi, akakohoa na kusema kwa upole wa kinafiki, "Kwa hiyo wamekustaafisha. Karibu chamani, Bwana Paja."

Duka likacheka. Naye akacheka, maana mwenye duka hawezi kununa mbele ya wateja, lakini panga lilipotua juu ya gogo, mfupa uliopaswa kukatika vipande vinne ulikatika sita.

Jina lenyewe hilo la Paja hakupewa bure. Sokoni wote wanamwita hivyo, na wengine hawajui kama aliwahi kuwa na jina jingine. Alianza kazi ya bucha akiwa kijana wa kuajiriwa, na mwaka baba yake alipofariki alikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili, nyuma yake kuna mama na wadogo watatu. Sikukuu ya kwanza bila baba ilikaribia na hakuna aliyetaka kuitaja. Mama alikuwa ameshasema watakunywa chai, watalala, siku itapita. Asubuhi ya sikukuu mwenye bucha alimkabidhi paja zima la mbuzi, akamwambia nenda nyumbani. Akaenda. Akalipaka chumvi na vitunguu saumu, akalifunga kwa kamba kama alivyofundishwa, akalioka, kisha akasimama mwanzoni mwa meza, mahali aliposimama baba, akakata. Kitinda mimba alikuwa na miaka mitano. Alisimama juu ya kiatu cha kaka yake muda wote wa kukata, ameshika mguu wa suruali, akingojea kipande chake.

Hiyo ni miaka ishirini na moja iliyopita. Tangu hapo, katika familia ile, sikukuu maana yake ni Paja amesimama na kisu chake, na watu wamenyoosha sahani. Siku nyingine zote za mwaka ni mtu wa kunuka damu, mtu wa kuoga mara mbili kabla ya kukaa kwenye kochi la wenzake. Wadogo zake wawili wa kati wana ofisi zenye feni. Kitinda mimba amesoma, ada amelipa Paja, na sasa ni mhasibu. Siku moja kwa mwaka wote hao wanamtazama yeye na kungoja. Ukimwondolea hiyo siku, umemwacha na nini?

Na anayemwondolea ni nani? Nesi.

Tuseme wazi, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa hasemi: Bwana Paja alikuwa anamwonea wivu shemeji yake, mume wa kitinda mimba, tangu siku ya kwanza alipoingia mlangoni na kuvua viatu bila kuambiwa. Alikuwa kijana mwembamba, wa maneno machache, muuguzi wa wodi ya wanaume, mwenye mikono safi kupita kiasi. Mwanzoni Paja alijifariji kwamba mwanamume nesi hana uzito wa kuogopwa. Kisha mama akaanza. Zamani mama akiumwa kichwa alimpigia simu mwanawe mkubwa, na mwanawe mkubwa alifunga duka akaja. Siku hizi anampigia nesi, na nesi anamwambia anywe maji glasi mbili alale, na kichwa kinapona. "Ana maarifa yule," mama husema, akiwa hajui anamchoma nani. Halafu kuna kitinda mimba, ambaye zamani hakununua hata viatu bila kumuuliza kaka. Sasa kila sentensi yake inaanza na "mume wangu anasema." Miaka miwili ya ndoa, na tayari mume wake amesema mengi kuliko aliyosema kaka katika ishirini.

Na sasa boga. Mtu aliyekuja mikono mitupu kwenye meza ile, akapewa nyama nzuri mara mbili, mara ya tatu anakuja na boga.

"Kwa hiyo unalionea wivu boga," alisema mkewe jioni, bila kuinua macho kwenye cherehani. Mkewe hushona sare za shule, na ulimi wake hukata kuliko mkasi.

"Si boga."

"Najua si boga. Nilitaka nikusikie ukisema."

"Wamenidharau, mama watoto. Hata kuniuliza hawakuniuliza. Halafu eti nichague boga. Wananivika kilemba cha ukoka."

"Au wanataka tu kula boga."

"Hakuna anayetaka kula boga," alisema Paja. "Hakuna mtu duniani anayesubiri mwaka mzima ale boga."

Mkewe alikata uzi kwa meno. "Mpigie simu dada yako umuulize sababu. Una mdomo, una simu."

Hakupiga. Angepiga, hadithi hii ingekuwa fupi na yeye angekuwa mtu bora, lakini mwenye wivu haulizi, kwa sababu anaogopa kujibiwa vizuri. Aliandika tu kwenye kundi, "Sawa, nitaleta," akaongeza kile kidole gumba cha kukubali, akazima simu, akakaa akitazama ukuta.

Siku mbili kabla ya sikukuu alivuka kijia kwenda kwa mama muuza mboga, jirani yake wa miaka tisa, mwanamke mnene mwenye kiti cha plastiki na maneno mengi. Maboga yalikuwa yamepangwa chini kwenye gunia. Paja aliyaangalia kama anavyoangalia nyama, maana jicho lake ni hilo moja tu. Alipita yale yaliyofifia rangi, yenye ngozi ngumu na vikonyo vilivyokauka. Kwake hayo yalikuwa mabaki ya juzi. Akasimama mbele ya moja kubwa, linalong'aa, lenye kikonyo kibichi ambacho bado kilikuwa kinatoa utomvu. Akaligusa. Likabonyea kidogo chini ya kidole. Hili ni la leo, akajisemea, na kwa mtu wa bucha hakuna sifa kubwa kuliko hiyo.

"Hili," alisema.

"La kupikia nini, jirani?" aliuliza muuza mboga. Hauzi boga bila kuuliza. Ndivyo alivyo, na soko zima linamjua.

"La kuoka zima. La kujaza."

"Basi hilo weka chini. Hilo changa, limekatwa jana, ni maji matupu. Ukilioka litakaa chini kama mtu aliyezimia. Boga si nyama. Boga la kuoka ni lile lililokaa, wiki tatu, nne. Chukua hili." Akampa dogo zaidi, la rangi ya vumbi. Akaligonga kwa kifundo cha kidole, likajibu kama mlango. "Umesikia? Hili hata ukilitupa ukutani, ukuta ndio utaumia."

Hadi hapo Paja hakuwa na kosa. Alikuwa amechagua kwa jicho la nyama, na kila mtu angesamehe. Alisimama pale na maboga mawili mikononi, moja kila upande. Akaona meza ya mama. Akaona nesi amesimama mwanzoni mwa meza, mahali pale, anafungua kifuniko cha boga na mvuke unatoka, na kitinda mimba anamtazama mumewe kwa yale macho. Akaona watu wamenyoosha sahani. Roho ikamuuma pale pale, kati ya nyanya na vitunguu, hadi akahisi kama kichomi.

"Nipe hili kubwa," alisema.

"Jirani, nimekwambia..."

"Nimesikia. Nipe hili hili."

Muuza mboga alimtazama, akapandisha mabega, akafunga. Alidhani ni ubishi wa kiume tu. Paja alivuka kijia na lile boga kifuani, na ingawa hakuna aliyemwona akifanya ubaya wowote, alitembea haraka.

Usiku wa kuamkia sikukuu si wa kusimulia; alioka paja. Mkewe alisikia harufu, akaja jikoni, akatazama oveni, akamtazama yeye.

"Hilo la nini?"

"Tahadhari."

"Tahadhari ya nini?"

"Huwezi kujua," alisema. Mkewe hakumuuliza tena, lakini asubuhi, alipomwona analiviringisha paja kwenye blanketi na kulificha kwenye buti ya gari, na boga analiweka ndani, kiti cha nyuma, pale pa wageni, alitikisa kichwa na kufunga mkanda wake bila neno.

Kwa mama palikuwa tayari pamejaa. Meza mbili zilikuwa zimeunganishwa sebuleni, vitambaa viwili visivyofanana juu yake, viti vya kuazima kwa jirani. Paja alipovua viatu mlangoni aliegemea ukuta kwa mkono mmoja, kama kawaida yake wiki ya sikukuu, wakati bucha linapofunguliwa alfajiri na kufungwa watu wakishalala. Nesi alikuja kumpokea boga.

"Karibu, shemeji. Pole na kazi."

"Haya, boga lako hilo."

Nesi alilipokea kwa mikono miwili. Akalipima uzito. Akaligonga, akainamisha sikio. Kisha akabonyeza ukucha wa kidole gumba kwenye ngozi, na ukucha ukaingia bila tabu. Akatazama kikonyo. Akamtazama Paja, kidogo tu, muda wa kupepesa jicho.

"Kubwa kweli," alisema. "Asante, shemeji. Tutajitahidi nalo."

Paja alikaa kwenye kochi, akanyoosha miguu. Kutoka jikoni alisikia kitinda mimba na mumewe wanacheka. Wanakata kifuniko, wanatoa mbegu, wanajaza, wanacheka. Kila kicheko kilimpata. Mwaka jana saa hizi yeye ndiye aliyekuwa jikoni na dada yake ndiye aliyekuwa anapita pita kuiba kipande cha pembeni, na yeye kumpiga kofi la mkono kwa utani. Leo hakuna aliyemwita. Wadogo zake wa kati walikuja kumsalimia, wakazungumza mpira, wakaondoka. Mama alipita, akamuuliza kama ameshiba usingizi, akaingia jikoni kutazama boga. Hata mama.

Saa nzima ikapita. Harufu nzuri ikatoka, na hilo lilimtisha. Ilikuwa harufu ya vitunguu na uyoga na karanga, na mate yalimjaa mdomoni bila ridhaa yake. Akaanza kufikiri kwamba muuza mboga alikosea. Akaomba, mtu mzima mwenye watoto, kwamba asiwe amekosea.

Kisha jikoni vicheko vikakatika.

Hakuna kelele iliyotoka, wala kitu hakikuanguka. Mlango wa oveni ulifungwa taratibu tu. Nesi akatokea mlangoni na taulo begani.

"Mama, naomba radhi," alisema mbele ya watu wote. "Nimeharibu. Moto niliuweka mkubwa. Boga limepasuka, limekuwa kama uji. Kosa ni langu."

Wadogo wa kati wakaguna. Mtu akasema basi tutakula wali mtupu. Na moyo wa Bwana Paja, tusimfichie, uliruka kwa furaha. Ulikuwa umeruka tayari kabla hajapata nafasi ya kuuzuia. Alisimama, hata miguu haikumuuma, akasema kwa sauti ya mtu asiye na haraka, "Msijali. Nina kitu kidogo kwenye gari."

Alipoingia na lile paja kwenye sinia, nyumba ilipiga makofi. Mdogo wake mmoja alisema, "Huyu ndiye kaka." Mama alishika mashavu kwa mikono miwili na kucheka. Nesi naye alipiga makofi, na hiyo ndiyo iliyokuwa tamu kuliko zote. Paja alipita katikati yao kama bwana harusi, akaingia jikoni kutafuta ubao wa kukatia, kisu chake kimefungwa kwenye kitambaa kwapani.

Jikoni alikuwemo kitinda mimba peke yake. Boga lilikuwa mbele yake kwenye trei, limelala upande, ubavu umefunguka, maji ya manjano yamefurika na wali unaelea. Alikuwa ameshika kijiko lakini hakuwa anafanya nacho chochote.

Aliliangalia paja. Alilelewa na mtu wa bucha. Alijua linachukua saa ngapi.

"Hili umelioka jana," alisema.

"Nilionelea nije na tahadhari."

"Kaka. Yule mama muuza mboga, jirani yako, hauzi boga bila kuuliza la kupikia nini. Alikwambia nini?"

Paja alikuwa anafungua kitambaa cha kisu. Ilikuwa rahisi sana. Angesema hakuniambia kitu, angesema nilichagua kwa jicho langu nikakosea, na ingekuwa nusu ya kweli, na dada yake angemwamini kwa sababu kaka alikuwa hajawahi kumdanganya tangu alipokuwa na miaka mitano. Alitafuta hilo neno. Alilipata, likafika hadi kwenye meno. Lakini mtoto aliyemlea alikuwa anamtazama usoni, na jambo pekee ambalo nesi hakuwa amemnyang'anya bado ni hilo, kwamba yule binti akimuuliza kaka yake, anapewa ukweli.

"Aliniambia halifai," alisema. "Aliniambia litalala. Nikalichukua hilo hilo."

Kitinda mimba aliweka kijiko chini. Kutoka sebuleni walisikia nesi anaeleza tena kwa mtu mwingine jinsi alivyoongeza moto, na jinsi yeye si mpishi.

"Mume wangu alijua asubuhi," alisema dada yake, polepole. "Alibonyeza ukucha tu akajua. Kwao wanalima maboga. Nikamwambia basi tumwambie kaka. Akasema hapana, kaka alikosea tu, usimwaibishe."

Paja akaliangalia boga kwenye trei, na dada yake akaendelea.

"Unajua kwa nini boga?"

"Mlichoka na paja."

"Nani alichoka na paja? Mimi ningekula paja lako kila siku." Akakisogeza kijiko pembeni. "Mume wangu ndiye aliyeona. Mara ya kwanza alipokula hapa, tukirudi nyumbani akaniuliza, kaka yako ana kiti chake wapi? Nikamwambia kaka hukata. Akasema sawa, lakini akimaliza kukata anakaa wapi? Nikafikiri, kaka, nikakosa jibu. Ukimaliza kutukatia sisi, wa kwanza ameshamaliza anataka tena. Unakata tena. Tukimaliza unafunga mifupa, unaenda. Akasema kaka yako ana miguu iliyovimba, amesimama wiki nzima kazini, anakuja kusimama hapa. Nikambishia. Nikamwambia kaka yangu hachoki. Akasema, mtazame anavyovua viatu."

Alifuta macho kwa mgongo wa mkono.

"Boga halikatwi. Linawekwa katikati, kila mtu na kijiko chake. Ndiyo sababu. Tungekwambia upumzike, ungekubali?"

Asingekubali, na wote wawili walijua. Paja alisimama na kisu mkononi, na hata hapo, hata baada ya kusikia hayo yote, kitu cha kwanza kilichomuuma hakikuwa aibu. Aibu ilikuja ya pili. Cha kwanza kilikuwa kwamba aliyeona ni yule. Watu wa damu yake walikaa meza moja naye miaka ishirini na moja, na wa kumwona ilibidi atoke nyumba nyingine, mwenye mikono safi. Hata huruma ya kumhurumia, nesi alikuwa amewahi.

"Nipe kisu," alisema kitinda mimba.

"Cha nini?"

"Nipe, kaka."

Kile kisu hakijawahi kushikwa na mtu mwingine. Alimpa. Akakipokea, akabeba na ubao, akaenda sebuleni na yeye nyuma yake akilibeba sinia, na mbele ya wote akamwita mumewe, akamwekea kisu mkononi. "Wewe ndiye uliyeharibu boga," alisema, na sauti yake ilikuwa ya utani ingawa macho yalikuwa mekundu. "Kwa hiyo leo unakata wewe. Kaka anakaa."

Watu wakacheka, wakaona ni haki. Kando ya mama kulikuwa na kiti. Akamwongoza kaka yake kwa kiwiko hadi pale, akamkalisha, akarudi jikoni. Aliporudi alikuwa na sahani ya boga. Uji wa manjano, wali umevimba, karanga na uyoga vimezama. Akaiweka mbele yake na kumwinamia sikioni.

"Sitamwambia mtu," alisema. "Lakini hili utakula. Lote."

Akala. Lilikuwa la maji, lakini ndani ya hayo maji kulikuwa na ladha nzuri sana, na hilo lilimkera zaidi. Lingekuwa boga sahihi, wangelisifia mwaka mzima.

Mwanzoni mwa meza nesi alikuwa amesimama mbele ya paja. Alikata kamba. Alishika nyama kwa uma, akaweka kisu, na Bwana Paja akaona, kabla hakijashuka, kwamba anakwenda vibaya. Nyama hukatwa kwa kukingamisha nyuzi zake. Nesi alikuwa anazifuata. Kila kipande kitatoka kirefu, kigumu, cha kuvutana nacho. Kisu kikashuka. Paja alishika ukingo wa kiti kwa mikono miwili chini ya meza. Nyama yake, aliyoichagua yeye, aliyoifunga yeye, ilikuwa inachanwa kama nguo kuukuu, na watu wamenyoosha sahani, na hakuna hata mmoja aliyemgeukia.

Nesi alisimama kidogo. "Shemeji, hivi ndivyo?"

Meza nzima ikamtazama. Angeinuka sasa, kila mtu angeona ni sawa. Angesema tu, lete nikuonyeshe. Kitinda mimba alikuwa ameshika sahani hewani, hapumui.

"Hivyo hivyo, shemeji," alisema Bwana Paja. "Endelea."

Nesi akaendelea. Kilikuwa kitu kigumu kuliko vyote alivyowahi kufanya kwenye meza ile, na hakuna aliyejua isipokuwa watu wawili, pengine watatu. Wivu haukumtoka, ulikaa naye pale, kwenye kiti kimoja. Alichukua kijiko kingine cha boga, akakuta karanga nyingi, akatafuna polepole.

Kando yake mama alikuwa ameacha kula. Alikuwa anamtazama mdomoni.

"Mbona unatafunia upande mmoja?"

"Jino, mama."

"Tangu lini?"

Bwana Paja alifikiri. Hakuwa amewahi kuulizwa, kwa hiyo hakuwa amewahi kuhesabu.

"Huu ni mwaka wa saba," alisema.

Mama alisogeza kiti chake karibu, akachukua kijiko kutoka mkononi mwake, akaanza kumtolea karanga pembeni mwa sahani, moja moja, kama mtu anayesafishia mtoto samaki.